Vumbi la Ndani ya Karasha

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu poleni na kazi. Mwenyekiti wa mkutano huu amenisimamisha ghafla, na mimi kusema mbele za watu sijazoea. Nikitetemeka msinicheke. Au mnicheke tu, mradi mnisikilize.

Nilikuja hapa Masumbwe kutoka Tinde baada ya mume wangu kufariki. Binti yangu nilimwacha kwa shangazi yake kule Kambarage asome sekondari. Nikapata kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ya tajiri mmoja, simtaji. Akina mama wanagonga mawe kutwa, wanaleta viroba, mashine inasaga, mimi nakinga unga na kuwarudishia wakaoshe, watafute dhahabu yao.

Desturi ya machimbo mnaijua. Unga unaonata ndani ya mashine ni wa mwenye karasha. Msagaji anafungua, anakung'uta juu juu, anafunga. Baadaye tajiri anakwangua, anaosha, anakula. Ndugu zangu, mimi hilo lilinishinda. Mtu amegonga mawe mpaka viganja vimepasuka, halafu jasho lake nilifungie ndani ya chuma? Nilikuwa naingiza mkono mpaka begani, napiga brashi kila pembe, ndipo nafunga. Kazi nikipewa naimaliza, ndivyo nilivyo, kichwa ngumu.

Tajiri alinionya, nikafagia. Akanionya tena mbele za watu, nikafagia mbele za watu hao hao. Asubuhi moja nafika, namkuta mtu mwingine kashika brashi yangu, tena kaishika kinyume. Nimefukuzwa kazi kwa kosa la kufanya kazi! Hata leo nikikumbuka nashangaa upya.

Nilizunguka makarasha mengine, wapi. Habari zilishanitangulia kwamba mimi naharibu biashara. Nikaanza kuuza kuni. Binti sikumwambia, maana alikuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne, na masomo yake ndiyo yaliyokuwa yananiamsha asubuhi.

Sasa sikilizeni. Siku hiyo nimebeba mzigo wangu, napita pale akina mama wanapogongea mawe. Nikamwona bibi mmoja mgeni, nywele nyeupe pee, kainama, vidole kavifunga vitambaa. Nikamwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, mayu," yaani mama, kwa lugha ya kwetu. Hakuitikia. Akainua uso, machozi yanachora njia kwenye vumbi.

"Mama, ni mimi."

Nilikuwa nimemwamkia mwanangu wa kumzaa, weupe wa nywele kumbe ni vumbi la mawe. Kuni zilianguka sikuzisikia. Kumbe mchuuzi mmoja wa mchele alifika Kambarage akamwambia nimefukuzwa, naye akaacha shule akapanda gari kuja kunisaidia, akaona agonge mawe kwanza apate hela ndipo anitafute. Nikamwambia arudi siku hiyo hiyo. Akanitazama.

"Wewe ulifanya kazi vizuri kuliko wote, mama, wakakufukuza. Mimi nikisoma vizuri nitapata nini?"

Nikainama kuokota kuni zangu.

Aliyejibu ni mama mmoja wa makamo, yuko humu ndani, ameinamisha uso. Aliweka nyundo yake chini akamwambia, "Sisi tulikuwa tunamfuata mama yako, siyo ile mashine." Wenzake nao wakaweka nyundo chini. Wakanishika mkono, tukaenda kwa mwenye karasha mmoja wa kule mwisho, mashine yake imekaa tu haina wateja. Wakamwambia watamletea mawe yao yote, ila niendeshe mimi, na kila nikimaliza nifungue nifagie wakiona. Akalalamika kwamba vumbi lote litaondoka. Yule mama akamuuliza kwa sasa hivi analo vumbi gani. Akacheka mwenyewe, akanipa brashi.

Kesho yake nikamrudisha binti shuleni, najua watamkataa. Mwalimu wake wa darasa hakufoka. Alituonyesha kiti chake, hakijakaliwa na mtu. Alisema mwanafunzi anayewahi kufika kila siku, akikosekana, mwalimu anajua kuna jambo, kwa hiyo alikuwa anamsubiri. Nililia pale mlangoni mpaka wanafunzi wakashangaa.

Leo yuko chuo cha uuguzi. Juzi kanipigia simu kwamba walikuwa wanajifunza kusafisha kidonda, mkufunzi akamuuliza nani kamfundisha kufika mpaka kwenye kingo. Akajibu, mama yangu, kwenye karasha. Nikakaa chini, simu ingali sikioni.

Akina mama wa nyundo, asanteni. Mwenye karasha wangu, asante, na wateja unawaona. Mwalimu yule hayupo hapa, lakini Mungu anamjua. Na ninyi mnaofanya kazi vizuri mkadhani hakuna anayeona, msiache. Mimi nilidhani nafagia chuma, kumbe watu walikuwa wananitazama, na mwanangu akiwa mmojawapo.

Siku atakayovaa ile nguo nyeupe ya wauguzi, nitakwenda nimpigie tena shikamoo. Safari hii nitakuwa najua ninamwamkia nani.