Kioo cha Mzee Oswaldi na Kona za Barabara ya Msanzi

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026, Mzee Oswaldi Sikazwe anastaafu rasmi baada ya kukitumikia Kiwanda cha Uchapaji cha Lyamba, hapa Sumbawanga, kwa miaka thelathini na minane. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu ilhali nina miaka miwili tu kazini. Naomba wakubwa wangu waniwie radhi nitakapopungukiwa.

Aliajiriwa mwaka 1988 kama msafishaji wa mitambo. Baada ya miaka minne alikuwa akichonga vibao vya kuchapia kadi za harusi na kalenda za parokia. Hata hivyo, kazi iliyomtambulisha Ufipa nzima ni mabango ya mashindano ya pikipiki za zamani, yanayofanyika kila Julai kutoka Sumbawanga hadi Msanzi. Hushindana pikipiki zilizoachwa na mabwana shamba, makatekista na waganga wa zahanati. Wenyewe huziita "bibi", na ni mwiko kumpiga bibi teke zaidi ya mara tatu asubuhi ya mashindano.

Mzee Oswaldi hakuwahi kuchora mshindi. Kila mwaka, mvua zikikatika, alikwenda mwenyewe barabarani, akatafuta kona iliyoharibiwa zaidi na maji, akaichora hiyo, na mwendeshaji mmoja ameinama ndani yake. Rangi zilikuwa mbili tu, nyekundu ya udongo na nyeusi. Watazamaji waliona picha. Waendeshaji walisoma onyo.

Mwaka 2001 alikosea. Kibao cha kuchapia huchongwa kinyume, kulia kukiwa kushoto, ili karatasi itoke sawa. Mwaka ule, kwa haraka, aliichonga kona ya mikaratusi kama macho yake yalivyoiona, na bango likatoka limegeuka. Wenyeji waliijua njia. Alois, mvuvi wa Kipili aliyepanda huku juu kwa mara ya kwanza, hakuijua. Aliliamini bango, akalalia kushoto katikati ya vumbi la wenzake wakati barabara ikikata kulia, akaishia kwenye rundo la ulezi la watu, amevunjika mtulinga.

Mzee Oswaldi aliweka patasi chini. Alikuwa ameshaandika barua ya kuomba kurudi kwenye usafi wa mitambo, Alois alipoingia karakana, mkono umefungwa shingoni, akamwambia mbele ya wafanyakazi wote: "Kaka, ulinichorea kona ya Zambia, mimi nilikuwa naenda Msanzi!" Karakana nzima iliangua kicheko, isipokuwa Mzee. Ndipo Alois akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba Mzee akiacha kuchora, mwakani wataanguka wote.

Barua ilichanwa siku hiyo. Kesho yake kioo cha kunyolea kilipigiliwa juu ya meza yake, na tangu hapo hakuna kibao kilichopakwa wino kabla ya kuoneshwa kioo. Bango lenye kosa hakulificha. Ndilo pekee alilolitundika ukutani, na kila mwajiriwa mpya hupelekwa kulisalimia.

Nami nilipelekwa. Nilikuja na shahada ya usanifu, na bango langu la kwanza, la kompyuta, lilikuwa na machweo ya kupendeza na herufi za dhahabu. Waendeshaji walilizunguka, kisha wakaniuliza: dada, kona iko wapi? Mzee hakunikaripia. Alinipa patasi.

Kanuni za mashindano zinamkataza mtengeneza bango kushindana, kwa kuwa ameikagua njia. Ndiyo maana bibi wake, Honda ya mwaka 1979, hajawahi kukimbia. Mwaka huu atakimbia, namba 38. Tangu Pasaka Mzee hajakanyaga barabara ya Msanzi, ambako mvua zimekata tuta na kuzaa kona mpya. Amekataa katakata kukagua kibao nilichochonga. Alinikabidhi kioo, akaenda kunywa chai. Bango atalitazama leo, pamoja nanyi, kwenye jalada la nyuma la ratiba hii ya hafla ya kumuaga.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kwamba kuna mtu anayeendesha kwa kuamini tulichochapa. Tunakutakia ustaafu wenye afya na amani, na Jumamosi ya tarehe 4 Julai, safari njema. Kona inakata kushoto. Tumeitazama kwenye kioo mara nne.

Leonia Sichalwe
Idara ya Usanifu