Toleo la Tano la Ngurumo

Juu ya lori la kutoka Musoma kwenda Bunda, Renatus alikuwa anabishana na mama asiyemjua kama vile wanagombea shamba. "Ngurumo, yule shujaa wa katuni anayerusha radi, hajui kuogelea, mama. Kwenye toleo la nne alizama, nimelisoma mwenyewe! Na la tano halijatoka mpaka leo, nchi haina karatasi."

"Anajuaga," mama akasema. "Binti yangu nilimsomea hivyo. Hilo la nne lilifika wiki ile baba yake alipozama ziwani. Ningemsomeaje?"

Lori liliposimama, Renatus akatangulia kushuka. Alipomteremshia mama kikapu chake, akasema taratibu, "Kwenye la tano aliibuka, mama. Nimelisoma mwenyewe."