Maisha ya Fundi na Msumari Usio Wake

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili wa karani wa ghala na mshonaji. Mama yake alikuwa akisema alizaliwa na kichwa kikubwa, na kweli hakikupungua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kupata stashahada ya kompyuta mwaka 1991. Nyumbani alisema alikuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa tatu. Wa kwanza mwenyewe yupo hapa leo, safu ya nne, na anaweza kuulizwa.

Tarehe 12 Desemba 1996 alimwoa dobi wa mtaa wa nyuma ya kituo cha mafuta, mwanamke ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Walijaliwa watoto wawili, na binti yao ndiye anayesoma maneno haya kama mama yake alivyoyatamka.

Kuanzia 1992 marehemu aliajiriwa na kampuni inayouza programu ya mahesabu ya maduka. Ilikuwa programu ya zamani, inakaa ndani ya kompyuta moja ya mezani na mtandao haiujui. Mwaka 2014 wateja walianza kulipa kwa simu, na marehemu akapewa kazi ya kuyaingiza malipo hayo kwenye programu ile. Ikamshinda. Malipo yakija bila namba ya ankara, programu iliyakataa na yakapotea. Mtu kalipa, duka linaendelea kumdai. Meneja alimpa mwezi mmoja, la sivyo afungashe.

Siku moja mchana alikaa kwenye chumba cha kufulia, chai imepoa mbele yake. Mke wake alikuwa anapiga pasi.

"Yanakuja bila namba, mama watoto. Programu inayatema."

"Kwani mimi nguo ikija haina alama naitupa jalalani? Naitundika pale, msumari wa mlangoni. Mwenyewe akija, shati lake atalijua."

"Wewe shughulika na pasi."

Lakini hakuondoka. Aliutazama ule msumari mpaka chai ikaota utando.

"Na mwenyewe asipokuja?"

"Kila Jumamosi nashusha zote, nauliza mteja mmoja mmoja. Na zenye alama zinazofanana zina msumari wake wa pili. Sibahatishi, baba watoto. Ukimpa mtu shati la mwenzake umepoteza wateja wawili."

Kazi yote ni hiyo. Malipo yasiyo na namba yakatengewa mahali pa kusubiri nje ya programu, yenye utata yakawekwa kando, na kila Jumamosi mwenye duka akaulizwa moja moja. Hata jina hakulibadilisha; mfumo huo aliuita Msumari.

Tarehe 20 Mei 2016 kampuni ilimpa ngao ukumbini. Mkurugenzi akamuuliza wazo lile alilipata wapi.

"Nilikuwa naoga," marehemu akajibu.

"Na huyu mama uliyekuja naye?"

"Huyu ndiye anayenifulia."

Ukumbi mzima ukacheka. Mke wake naye akacheka, maana mpiga picha alikuwa amemwelekezea kamera. Walipofika nyumbani akamuuliza kwa nini.

"Ulitaka niseme nini mbele za watu? Kwamba nimefundishwa na mtu asiyejua kusoma?"

Tangu siku hiyo hakumfulia hata leso. Fundi mkubwa, mwenye ngao, akawa anabeba furushi lake kwenda kwa dobi wa barabara ya pili na kupanga foleni kama wengine.

Aliugua figo kuanzia Agosti 2021. Mke wake ndiye aliyemuuguza. Wodini, marehemu alimwambia, "Nikitoka hapa nitawaambia ukweli."

"Waambie sasa. Simu hiyo hapo."

"Haina chaji."

Simu ikaita papo hapo. Wote wawili waliitazama mpaka ikanyamaza. Alifariki tarehe 4 Juni mwaka huu, saa nne asubuhi, bila kumpigia mtu.

Juzi kaka wa marehemu alileta karatasi ya wasifu kutoka kampuni, imeandikwa "Mbunifu wa Msumari."

"Futa hilo," mjane akamwambia.

"Shemeji, marehemu hasemwi vibaya."

"Basi asisifiwe kwa cha mwenzake."

Hilo limefutwa. Na mabosi wake, kwa kuwa mmekaa safu ya mbele, mmesikia: Msumari ni wa dobi.

Marehemu ameacha mjane, binti, mwana, kaka mmoja, na maduka mia mbili na kumi na saba yanayoshusha malipo ya msumarini kila Jumamosi.

Shati jeupe alilovalishwa lilifuliwa jana kwa mkono na kupigwa pasi mpaka kwenye kola. Kwa hiyo siku ile ukumbini hakusema uongo mtupu. Huyu ndiye aliyemfulia. Alale kwa amani, kama ataiweza.