Mwalimu Mkuu Asiyekosa Kazini

Bibi aliyeketi nyuma ya abiria wawili kwenye basi alijifanya anasinzia, masikio yakiwa macho. Mbele yake mwalimu kijana alikuwa akijisomea kwa sauti hotuba ya kumuaga mwalimu mkuu wake, aliyoinakili kutoka ensaiklopidia ya mtandaoni: "Kwa miaka thelathini hakukosa kazini hata siku moja."

Fundi bomba aliyekaa kando yake akakohoa. "Dada, hiyo itoe. Niliiandika mimi."

"Wewe?"

"Si pale kila mtu anaandika? Nilikuwa naposa binti yake."

"Na hakuna aliyekusahihisha?"

"Wahariri wake walidai ushahidi, nikawapa gazeti."

"Gazeti lilijuaje?"

"Lilinakili kwangu."

Bibi akageukia dirisha kuficha kicheko.

Mwalimu akatoa kalamu. "Walimu wenzake wote watakuwepo. Nikiusoma uongo huu, watakayemcheka ni mimi."

"Basi futa," akasema fundi, huku akimshikia karatasi zisipeperuke. Ana adabu, bibi akawaza, kwa mwongo. "Ila mzee mwenyewe ameshauamini, na mimi nina watoto watatu kwa sentensi hiyo."

Basi likasimama mbele ya shule. Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi.