Nambari Iliyo Juu ya Mlango wa Mwalimu Ibouroi

Mashekhe, wazazi, majirani wa Magoudjou, na ninyi mliovuka bahari kutoka kisiwani kwetu Ndzuani, mimi ni Combo, mdogo wake Mwalimu Ibouroi, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ingawa wiki hii hii tulikula naye wali hapa barazani na mpaka sasa ulimi unakataa kumwita marehemu.

Ibouroi Moinaidi alizaliwa Mutsamudu tarehe 9 Mei 1946, mtoto wa kwanza wa mama yetu Zaitoun, aliyeketi ndani na kina mama. Alihitimu Kurani angali mdogo, akasoma shule ya Kifaransa kwetu, kisha hapa Moroni, kisha Antananarivo alikosomea hisabati, na mwaka 1972 akaanza kufundisha hapa mjini, ambako wanafunzi walimpenda na kumcheka papo hapo, maana akianza kuchezea nambari alisahau hata kula.

Tarehe 22 Agosti 1981 alimwoa Saoudat binti Chanfi, na kwa kuwa nyumba ni ya mke, kama ilivyo desturi, aliomba ruhusa ya kupaka kitu kimoja tu juu ya mlango: 12345678987654321. Alitueleza, macho yanamng'aa, kwamba ukiandika moja mara tisa mfululizo, ukaizidisha nambari hiyo kwa yenyewe, ndiyo inayotoka, kwamba inagawanyika kwa themanini na moja bila baki, na kwamba aliyezoea chuo cha Kurani kuanzia kulia na aliyezoea shuleni kuanzia kushoto wataisoma ileile. Walijaliwa binti mmoja, Oumi, ambaye bado ananyonya.

Kuhusu ugonjwa, kaka hakuugua. Tarehe 3 Machi 1983 askari wa hawa mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais walipita, wakaiona nambari, wakadai ni ishara ya siri ya kuwaita maadui wao, naye, badala ya kunyamaza, akachukua chaki awakokotolee ukutani, jamani, akidhani hesabu ikiwa sahihi basi mtu amesalimika. Walimchukua kabla hajamaliza. Keshokutwa yake asubuhi tuliitwa tukamchukue, tukaambiwa amekufa kwa homa, tukaonywa kwamba hivyo ndivyo isomwe mbele yenu.

Ndugu zangu, homa haivunji vidole. Sisi tuliomwosha tumeona, na bado siamini nilichokiona, lakini siwezi kusimama mbele ya jeneza la kaka yangu nikasema uongo, na mama na Saoudat wameniruhusu.

Tunawashukuru majirani waliochimba kaburi, walimu wenzake mliokuja ingawa gari la askari limesimama pale kona, na daktari, ambaye jina lake silitaji, aliyeamriwa aandike homa akaiweka kalamu chini. Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Nami nikichukuliwa kesho, msikubali kuambiwa ni homa. Kaka Ibouroi, Mola akurehemu, pumzika kwa amani.