Harusi Iliyonukia Javel

…na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikimwambia mume wangu pale mlangoni kabla hamjaniita, siwezi kuzungumzia kituo hiki bila kuzungumzia harusi yetu. Yeye alicheka, akaniambia juu ya hotuba hii ya kipindupindu, "Wivine, discours ni ya kolera, hapana ya mapendo." Nikamjibu, "Kwetu vyote viliingia na mulango mumoja." Basi niruhusuni niendelee mbele yenu na maneno tuliyoyaanza sisi wawili.

Mheshimiwa Bourgmestre, mkuu wa komini yetu. Bwana Daktari Mkuu wa zoni ya afya. Papa Chance, rais wa ushirika wetu wa wafanyabiashara na wasafirishaji. Mon Père, uliyetufungisha ndoa. Wakwe zangu wapenzi, Papa Mardochée na Mama Kasoki. Wageni mlioitikia mwaliko. Na ninyi ndugu madereva, ambao leo mmezima injini zenu ili sauti ya mwanamke mmoja isikike: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Sikumshika mtu mkono alipoingia, lakini nasikia harufu ya javel, dawa yetu ya kuua vijidudu, mikononi mwenu nyote, na kwangu mimi hakuna manukato yanayoizidi.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Makomeno, wa familia ya watu wa reli. Nimesoma hadi mwisho wa sekondari, na tangu mwezi uliopita mimi ni mke wa Paluku. Mke wa Paluku! Nikiyatamka maneno hayo natamani kuyarudia, nanyi mtanisamehe, maana bado ni mapya mdomoni. Mume wangu ni yule pale karibu na nguzo, aliyevaa shati la kitenge kama changu, anayetazama chini kwa haya. Usitazame chini, mpenzi. Leo nitakusifu mbele ya watu, na huna pa kujificha.

Ushirika umenipa kazi ya kupokea simu katika kituo hiki cha tahadhari tunachokifungua hapa kwenye paki ya malori. Dereva akiugua, depo, ghala la bidhaa, ikiwa na mgonjwa, simu inapigwa hapa, na sisi tunaipeleka kwenye kituo cha afya mara moja. Kutoka hapo habari inapanda hadi zoni, hadi jimbo, hadi Kinshasa, na ikilazimu inavuka hadi Shirika la Afya Duniani na kwa majirani zetu. Hizo ndizo Kanuni za Afya za Kimataifa. Nchi yetu imezikubali pamoja na nchi nyingine za dunia. Lakini nawauliza: kanuni iliyokubaliwa na mawaziri inaanzia wapi kufanya kazi? Inaanzia kwa waziri? Mimi niliiona ikianzia nyuma ya mifuko ya unga, katika depo ya baba mkwe wangu, siku mbili kabla ya harusi yangu.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa wakwe zangu, nyumba iliyo ua mmoja na depo, kumpelekea Mama Kasoki vikwembe, yaani vitenge, vya wasimamizi. Nilimkuta akisugua beseni. Wengi wenu mnalijua beseni hilo: la enameli, jeupe, lenye maua mekundu, kubwa kama gurudumu. Alikuwa amelinunua kwa ajili yetu, maana mnajua desturi yetu ya karamu. Kabla ya bukari, ugali wetu, beseni moja linazunguka mezani, mkubwa ananawa kwanza, mwenzake anamfuata, na maji ni yaleyale mpaka mtu wa mwisho. Tunasema ni alama ya umoja. Nami nililitazama lile beseni nikaona maisha yangu yote ndani yake, mikono ya watu wangu na ya watu wake ikinawa pamoja.

Hapo ndipo lori la Jeannot lilipoingia, likitoka mpaka wa Zambia. Jeannot, dereva wa depo kwa miaka mingi, hakushuka, alianguka. Alikuwa ametapika njiani na kuharisha maji matupu. Macho yalikuwa yamezama, ngozi imelegea. Watu wa depo walimbeba, wakamlaza nyuma ya mifuko ya unga. Kwa nini nyuma ya mifuko? Ili wateja wasimwone.

Mama mkwe wangu alishika kichwa. "Siku mbili tu! Siku mbili, Jeannot, ungengoja! Mumuweke mu lori ile ya mahindi, mumupeleke Lukafu kwa dada yake. Akapumuzike kule. Bantu ba afya bakifika hapa, banafunga depo, na harusi inakufa!"

Jamani, msimhukumu. Ninyi nyote mnaijua njia hiyo. Si ndiyo desturi yetu hapa paki? Dereva akiugua, anabadilishwa njiani, anapandishwa gari lingine, anapelekwa kwao, ili mji usijue na depo isipate doa. Papa Chance, naona unacheka. Cheka, lakini sema kama ninasema uongo.

Paluku alikuwa anatoka kwa fundi wa nguo. Alikuwa na koti la harusi mwilini, sindano bado zimechomekwa mabegani. Alimtazama Jeannot, akamtazama mama yake. Kisha akaenda kwenye lori la mahindi, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa lile koti jipya.

"Paluku, leta ile funguo," akasema baba yake.

"Hapana, Papa. Jeannot hapana mufuko wa bunga. Tukimupeleka Lukafu, bugonjwa inakwenda naye. Kule dada yake eko na batoto, na maji banakunywa ya mutoni."

"Na harusi yako?"

Hapo mume wangu alinigeukia. Aliniuliza kwa macho tu. Mabibi na mabwana, nilikuwa nimeingoja siku ile tangu tulipokutana kwenye sherehe ya wanafunzi kule Kasapa. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, nalo nililiamkia kila asubuhi kama mtu. Machozi yalinitoka, lakini kichwa changu kilikubali. Nikasema, "Piga simu." Padri alitufungisha ndoa Jumamosi, lakini mimi nahesabu kwamba niliolewa pale, kati ya unga na samaki wa chumvi wa makayabu, na mwanamume mwenye sindano mabegani.

Alikuja Osée, muuguzi mkuu wa kituo cha afya, pamoja na wenzake. Walimtundikia Jeannot maji ya mshipa palepale kabla ya kumwondoa. Wakachukua sampuli, wakauliza alikokula na alikokunywa, alisafiri na nani. Papa Mardochée alisimama mlangoni mwa depo yake mikono imekunjwa, akingojea kusikia neno moja tu: tunafunga. Osée akasema, "Papa, lori tutaisafisha na javel, na pale alilala tutasafisha. Bale balimubeba tutabafuata kila siku. Depo itafanya kazi yake. Kanuni inasema tulinde bantu, haisemi tuue biashara."

Nawaomba mlikumbuke jambo hilo, ndugu zangu, maana wengi tunazijua kanuni hizi kwa hofu tu. Zinadai tuseme upesi na kweli. Lakini zinadai pia kwamba anayesikia habari asifunge njia kupita inavyohitajika. Aliyeandika hivyo alijua kwamba watu wakiadhibiwa kwa kusema, kesho watanyamaza.

Ilibaki harusi. Mama Kasoki alimshika Osée kwenye kola ya koti lake jeupe la kazi. "Weye unataka kuniharibia!"

Osée hakukasirika. Akamwuliza juu ya Jumapili, siku baada ya harusi: "Maman, bageni bako, siku ya Yenga banarudia wapi?"

Mama akaanza kutaja kwa kiburi, kama kila mama mwenye harusi kubwa. "Bengine Likasi. Bengine Kolwezi. Ndugu za bibi harusi, kule kaskazini, na treni. Bengine Kipushi, Lukafu, bengine banapanda ndege kwenda Goma…" Kisha akalitazama lile beseni lililokuwa miguuni pake, jeupe, linang'aa. Nilimwona akiinua mkono wake mwenyewe na kuutazama pande zote mbili, kama mkono wa mtu mwingine. Hakuna aliyemfundisha kitu zaidi ya hapo. Alielewa kwamba lori kubwa kuliko yote lilikuwa harusi yetu.

"Osée," akasema taratibu, "niambie sasa namna gani tutafanya."

Mnajua ilivyokuwa, maana wengi wenu mlikuwepo. Majibu ya maabara yalitoka, na ilikuwa kolera kweli. Harusi ilifanyika, ila ndogo, na wale waliombeba Jeannot walibaki kwao wakifuatwa, chakula chao kikapelekwa mlangoni. Hapakuwa na kushikana mikono wala beseni la kuzunguka. Mlangoni mwa sale, ule ukumbi wa harusi, alisimama Mama Kasoki mwenyewe, amevaa kikwembe cha sherehe, na ndoo za maji ya javel zenye robinet, yaani bomba dogo la kufungulia maji. Hakuna aliyepita hivihivi. Papa Chance alijaribu.

"Maman, mimi ni rais!"

"Rais, nawa. Hata kati ya vidole. Tena!"

Hata wewe, Mon Père, ulisema umetoka kubariki watu kwa mikono hiyo. Akakujibu, "Muzuri sana, Mon Père, sasa baraka inahitaji javel." Bukari ililetwa ya moto, sombe ya majani ya muhogo ya moto, maji yaliyotiwa dawa. Nasi tulicheza. Mume wangu alinukia javel, nami nilinukia javel, na hadi leo akinikumbatia baada ya kunawa, moyo wangu unarudi katika sale ile.

Sitawadanganya kwamba hatukupoteza kitu. Kuna wateja waliovuka barabara wasipite mbele ya depo. Kuna waliopiga kelele nilipokwenda sokoni na mume wangu: "Bibi harusi wa kolera anapita!" Paluku akawageukia: "Ndiyo, na eko wangu! Mukitaka kumusalimia, munawe kwanza!" Soko zima likacheka, na tangu siku ile jina hilo limekuwa taji langu. Naipokea simu ya kituo hiki kwa jina hilo. Mkipiga, mtaambiwa: bibi harusi wa kolera anasikiliza.

Lakini tazameni tulichokipata. Habari iliwafikia wenzetu wa Zambia kupitia serikali, haikuwafikia kwa uvumi. Mpaka haukufungwa, malori yenu yaliendelea kupita, na ninyi madereva mlikula jasho lenu. Mahali dereva wetu alipokunywa maji palichunguzwa, maji yakatiwa dawa. Na Jeannot, aliyekuwa apakiwe juu ya mahindi kama mzigo, amekaa mstari wa mbele, amenenepa kuliko siku ile. Jeannot, simama wakuone! Mnaona? Angalieni, hata haya anaona kama bwana harusi.

Kwa hiyo leo siwaombi makofi. Nawaomba jambo gumu zaidi. Dereva asibadilishwe tena njiani kwa siri. Mgonjwa asilazwe tena nyuma ya mifuko. Nani kati yenu angependa mwanawe afichwe hivyo? Papa Chance, umeahidi mbele ya Mheshimiwa kwamba ushirika hautamfukuza dereva aliyesema anaumwa wala kumtenga mwenye depo aliyepiga simu. Tumesikia, na wanawake wa ushirika hatusahau. Na wewe Bwana Daktari, tukipiga simu, mje. Mkichelewa mara moja, watu watairudia barabara ya zamani. Sisi tumesema tutaanza, na hatutarudi nyuma.

Lile beseni la maua mekundu ndilo hili mnaloliona chini ya robinet ya kituo chetu. Mama Kasoki amelitoa. Halitazunguka tena mezani. Litapokea maji machafu ya mikono ya kila anayeingia mjini. Mama yangu, asante. Siku ile ulidhani unaiaga harusi yako, nawe ukatupa harusi ambayo mji mzima unaitaja. Asante kwa Osée na wenzake, asante kwa wazazi wangu walioniachia, na asante kwenu nyote mliosimama juani kumsikiliza mtu ambaye hajui kusema juu ya ugonjwa bila kusema juu ya mumewe.

Limebaki neno moja, nalo si la wakubwa. Kati yetu yuko Dada Bénie, dada yake Jeannot, aliyetoka Lukafu leo asubuhi. Dada, nyumba yako ndiyo iliyokuwa ipokee lori lile, na watoto wako ndio waliokuwa wanywe maji ya mto ule. Umeniambia kwamba kule hamna simu ya tahadhari, hamna javel, na mgonjwa akija kutoka mjini anakaribishwa tu, kwa sababu ni ndugu. Mimi na Paluku hatujasafiri popote tangu tufunge ndoa. Watu wanatuuliza tutakwenda wapi kupumzika na mapendo yetu. Sasa tumepata jibu. Tutapakia ndoo, robinet na dawa ya maji katika lori lilelile la mahindi, ufunguo atakuwa nao mume wangu, na Jeannot ataendesha. Tutengenezee maharage, Dada, na weka maji ya moto mlangoni: kabla mwezi huu haujaisha, utatuona Lukafu.