Dada Yetu na Moyo wa Kijani

Ndugu, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Katuni, mimi ni mdogo wake wa mwisho, na wajomba wameniomba nisome kwa upole, nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Agosti 1985, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, akasoma shule ya msingi mwaka 1993 hadi 1999, ambako alichapwa mara mbili kwa kuchora kwenye pembe za daftari la hesabu farasi anayekimbia ukizipeperusha kurasa, akamaliza sekondari mwaka 2003, na chuo cha usanifu mwaka 2009.

Tarehe 1 Februari 2010 aliajiriwa na kampuni ya video iliyo juu ya duka la matairi, na mwaka 2017 akabuni kazi iliyoipa kampuni ile jina, jedwali la takwimu linaingia upande huu, video za michoro zinatoka upande ule, kila mtu na yake, bila mkono wa mtu kugusa. Kituo cha afya kikainunua ili kuwatumia wagonjwa majibu ya vipimo kwenye simu, kukiwa na tatizo kiti chekundu kinamwita mgonjwa arudi, majibu yakiwa sifuri, moyo wa kijani wenye miguu unacheza.

Kila mara kabla ya kutuma, dada alijaribu mistari mitatu ya jedwali, wenye jina refu kuliko yote, wenye jina fupi kuliko yote, na mstari mtupu, tena aliweka kizuizi, mashine ikikuta patupu isimame imwite mtu. Bosi alimtania mbele ya wenzake, "Dada, mteja hajanunua utupu," naye akajibu, "Bosi, hapo patupu ndipo alipo mgonjwa."

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 2013 na shemeji yetu, fundi wa friji, wakajaliwa binti mwaka 2015 na mwana mwaka 2018.

Novemba 2022 alihamishiwa upande wa matangazo, na nyuma yake kizuizi kikaondolewa kwa kuwa kilichelewesha kazi, wala hakuambiwa. Tarehe 3 Februari 2023 alipimwa uvimbe titini katika kituo kilekile, na wiki moja baadaye, maabara ikiwa bado haijamaliza, mashine ikasoma nafasi tupu kuwa sifuri, ikamtumia moyo wa kijani. Aliucheka pamoja na wanawe, akauamini, kwa kuwa aliujua kwa mkono wake, na miezi mitano ikapita uvimbe ukikua.

Asitokee mtu hapa kusema mchimba kisima huingia mwenyewe. Dada alichimba, akafunika, na waliokiondoa kifuniko wametuma shada kubwa kuliko yote mnayoyaona.

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane.

Tunamshukuru daktari wa wodi ya saratani, aliyevuta kiti akaketi ndipo akamwambia ukweli, wauguzi, majirani mliowapikia watoto, na mwenzake wa meza ya jirani aliyetufunulia habari ya kizuizi huku akijua kibarua chake kitaota nyasi. Bosi na kituo tumewaandikia mara tatu, wamejibu kwamba wanalifanyia kazi, na mpaka jana jioni mashine ilikuwa inatuma. Kwa hiyo yeyote kati yenu mwenye moyo wa kijani kwenye simu yake, ukitoka makaburini usipitie nyumbani, nenda kwenye dirisha la maabara, dai majibu yako ya karatasi, na usiondoke mpaka uyasome.

Pumzika kwa amani, dada, sisi hatupumziki bado.